Waya wa Kijani Kwenye Hita ya Babu

Kila majira ya baridi Babu Ortwin aliendesha gari lake kuukuu kioo cha upande wake kikiwa kimeshushwa, theluji ikimwingia sikioni, nasi tulimcheka. Kwetu kwenye milima ya Harz kila nyumba hufungua madirisha asubuhi, liwe jua iwe barafu. Chumba kisichopungwa hewa ni aibu sawa na sufuria chafu. Basi tulisema mzee ana ugonjwa wa hewa safi. Nyuma yake Bibi Hiltrud alijikunyata ndani ya blanketi, maana hita ya gari lile haikufanya kazi. Kishikio chake, kilichoko katikati ya viti vya mbele, kilikwama mahali pa kuifungia hita, na hakuna mkono uliowahi kukitikisa.

Mwaka huu kiharusi kilimpiga Babu. Mguu ulipona kiasi, mkono wa kulia ukalala, ulimi ukafa kabisa. Mjomba Volkmar, mwanawe wa pekee wa kiume, akaamua kumpa mama yake zawadi: gari lenye joto, ili Jumapili aende mjini Goslar kunywa kahawa kwa dada yake bila kutetemeka.

Jumamosi tuliliinua gari kwa jeki. Injini yake iko nyuma na haipozwi kwa maji. Joto la hita hutoka kwenye maboksi ya bati yaliyozunguka mabomba ya moshi. Hewa hupita humo, kebo ya kishikio huvuta vilango vya kuipitisha, joto likaja miguuni. Mjomba alitambaa chini, mara nikamsikia akicheka.

"Jannes, njoo uone aibu ya ukoo! Mzee kafunga vilango kwa waya wa mawaridi!"

Kweli, ulikuwa waya laini wa kijani, ule ambao Bibi hufungia mawaridi yake ukutani, umezungushwa na kukazwa kwa koleo.

"Labda alikuwa na sababu, Mjomba."

"Sababu ipo: uvivu! Lete koleo."

Aliukata. Kishikio bado kiligoma, maana kebo ilikuwa imeshikamana na ala yake kwa kutu. Mjomba aliidondoshea mafuta, akaivuta kidogo, akairudisha, akaivuta tena, kwa subira ambayo sijawahi kuiona kwake, hadi kishikio kikateleza kama kisu kwenye siagi.

Babu alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji. Alipouona ule waya chini, uso ulimbadilika. Akaanza kupiga sakafu kwa fimbo. "Aa! Aa!"

"Nimekusikia, Baba! Kesho utaota joto mpaka uvue fulana!"

Babu akamchapa fimbo begani.

"Wivu huo," Mjomba aliniambia, akijisugua. "Gari lake mwenyewe, limepona kwa mkono wangu."

Nikacheka. Ndiyo, nami nilicheka.

Jumapili Babu alikataa kuingia garini. Tulimbembeleza, akang'ang'ania nguzo ya mlango. Lakini Bibi alipojipakia nyuma pamoja nami, keki ya tufaha mapajani, aliiachia nguzo ghafla, akajitupa kiti cha mbele kama anayekimbilia treni.

Joto likaja. Bibi alifungua skafu yake, akanyoosha miguu.

"Volkmar, mwanangu, leo ndiyo najua kwamba nilizaa!"

"Na siku zote ulidhani ulifanya nini?"

"Nilidhani nimefuga."

Tulicheka wote, ila Babu. Alikuwa akihangaika kuufikisha mkono wa kushoto upande wa kulia, kwenye kishikio cha kushushia kioo. Alikishusha kidogo, Mjomba akanyoosha mkono, akakipandisha. "Mama atapata mafua, mzee. Hewa safi utaikuta Goslar." Babu akashusha tena. Safari hii nilimshika mkono mimi mwenyewe, kwa upole, nikaurudisha mapajani mwake.

Palinuka oili, lakini gari lile lilinuka oili tangu nizaliwe. Nilisikia uzito mtamu kichwani, kama mtoto aliyeshiba. Bibi alikuwa ameegemea, mashavu yamemwiva mekundu kama msichana. Mjomba alipiga miayo.

Kisha keki ikateleza mapajani mwa Bibi, ikaanguka chini. Hakugutuka. Bibi yangu, anayebeba keki kama watu wanavyobeba kichanga, hakugutuka! Niliitazama ile keki sakafuni nikaona si kitu.

Babu aligeuka, akamwona mkewe. Fimbo yake ya majira ya baridi ina ncha ya chuma, ya kukita kwenye barafu. Aliikamata karibu na ncha, akapiga kioo mara moja, akapiga tena, kikapasuka vipande vipande, na baridi ikatuvamia.

Mjomba alikanyaga breki. "Baba! Umerukwa na akili?" Alifungua mlango atoke amfokee vizuri, akaanguka magoti kwenye theluji na kutapika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hewa ya garini ilikuwa ikituua. Nilikisukuma mbele kiti cha Mjomba, nikamvuta Bibi nje kwa makwapa. Kichwa chake kilining'inia. Nilimpiga makofi mashavuni, mimi, ambaye sijawahi hata kumpandishia sauti. "Bibi! Bibi Hiltrud! Amka!" Hakuamka. Babu alikuwa amepiga magoti kando yetu, mkono ukimvuja damu, akisema lile neno lake moja. "Aa. Aa. Aa."

Bibi alifumbua macho hospitalini, barakoa ya oksijeni usoni. Kabla ya hapo mtu wa zimamoto alitufuata kwenye korido. "Bomba la moshi limetobolewa na kutu ndani ya boksi la hita. Mlikuwa mnavuta sumu. Nani aliifungua hiyo hita?"

Tulipomweleza, Bibi aliisogeza barakoa. "Mlikuta nini kule chini ya gari?"

"Waya wako wa mawaridi, Mama," Mjomba alisema kwa sauti ya mtoto.

Alimgeukia Babu polepole. "Ulijua?"

Babu alitikisa kichwa kukubali.

"Tangu majira yale ya baridi uliposema kichwa kinakuuma, ukadai ni mafua tu?"

Akakubali.

"Ukaona afadhali nigande huko nyuma miaka yote, kuliko kuniambia gari limeoza, nisije nikakulazimisha uliuze?"

Babu alifumba macho. Machozi yakamtoka, naye akakubali tena.

Mjomba alikuwa akilia waziwazi. Mimi nilingoja Bibi amsamehe mumewe, au amtukane. Hakufanya hata kimoja.

"Jannes, fungua dirisha."

Nilifungua. Theluji ikaingia mpaka kitandani.

"Nawe Ortwin, njoo hapa. Lete huo mkono."

Aliushika ule uliofungwa bendeji, akaukaza hadi Babu akakunja uso kwa maumivu, wala hakuuachia.