Mende Wangu na Mamba wa Shangazi

Naandika haya nikiwa na akili timamu, bila kulazimishwa na mtu yeyote isipokuwa shangazi yangu.

Shangazi ni fundi cherehani. Programu yake ya kuchora nembo ni ya kale mno, kompyuta za leo haziitambui. Kwa hiyo ndani ya kompyuta yake mpakato tuliweka kompyuta nyingine ya kuigiza, ya mtindo wa zamani, na programu hiyo inaishi humo kwa amani. Wajuzi huiita mashine pepe. Shangazi humwita "yule wa ndani."

Jumamosi ile yule wa ndani aligoma. Kocha wa kuogelea angekuja saa kumi jioni kuchukua fulana ishirini zenye nembo ya mamba. Tulianza kufungua mchoro saa tatu asubuhi. Saa tatu na nusu, kwenye kioo palikuwa na mkia tu.

"Mamba gani huyu anayekuja kinyumenyume?" aliuliza Bi Pasi, mama anayetupigia pasi.

"Wewe cheka tu," alisema Shangazi. "Kocha akiondoka mikono mitupu, zile sare za shule nzima alizoniahidi nizisahau." Akanigeukia. "Msomi wa bweni, njoo utuonyeshe unachofundishwa huko."

Nilikuwa na siri moja. Siku mbili kabla, katika utumishi wangu wa kuwachangamsha wanadamu, nilikuwa nimemficha mende katika kompyuta ile. Ni kiprogramu kidogo tu: kila baada ya muda, mende anakatiza kwenye kioo. Shangazi alikuwa ameshamtandika kandambili mara mbili.

Nilianza kwa utulivu wa daktari. Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu ya giga nane, na yule wa ndani alipewa moja tu. Nikamzima, nikampa nne, nikamwasha. Mkia ukaongezewa mguu. Nikafunga kurasa kumi na saba za mitindo ya magauni. Mguu wa pili. Ikagonga saa nne na nusu.

Basi ni mende. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama mbele ya mwalimu wa zamu.

"Shangazi, naungama. Yule mende ni wangu."

"Mende yupi?"

"Yule uliyempiga kandambili."

Bi Pasi alicheka hadi akakalia rundo la fulana. Shangazi hakucheka. "Mtoe."

Nikamtoa, nikawasha kila kitu upya. Yule wa ndani akajikokota vilevile. Marehemu hakuwa na hatia, nami nilikuwa nimejichongea bure.

Nikiwa nimeinamisha kichwa kwa majonzi, nikaona pembeni ya kioo alama ya betri: asilimia thelathini, inabana matumizi.

"Shangazi, chaja iko wapi?"

"Kwenye droo. Pasi ikichomekwa, chaja inakaa droo. Zikiwaka pamoja swichi kuu inakata. Si unaijua sheria ya humu?"

Niliijua. Ila siku zote Bi Pasi hupiga pasi alasiri, na leo alianza asubuhi na nguo za wateja wengine, ili alasiri abaki na fulana tu. Kompyuta ilikuwa inajinyima nguvu ili betri idumu, huku imebeba mwenzake tumboni!

"Bi Pasi, chomoa."

"Mimi tena? Si mende wako?"

"Chomoa, mama, tafadhali!"

Nikachomeka chaja. Mamba akatokea mzima, na meno yake yote, kabla Shangazi hajamaliza kufuta miwani. Mashine ya kutarizi ikaanza kunguruma. Saa tisa na nusu fulana ya ishirini ilishuka, ikiwa imejaa makunyanzi kama wenzake kumi na tisa, maana tangu chaja ichomekwe pasi ilikaa baridi.

Shangazi akachomoa chaja, akanikabidhi pasi.

Kocha alifika saa kumi kamili, akanisubiri nikitokwa jasho. Bi Pasi alikuwa amekaa kitini, miguu juu. "Mkono wa kushoto, msomi! Huo umejikunja!"

Kocha alipoondoka na fulana zake, akiwa ameacha vipimo vya sare za shule, Shangazi alinisogelea, uso mkavu.

"Baba yako aliwahi kunitilia chura kwenye kiatu tulipokuwa wadogo," alisema. "Huyo mende anaweza kuhamia kompyuta yake?"