Waliorithi Tabia za Mwongera

Siku ya soko pale Kanja, Celina alikuwa ameinamia cherehani yake kwenye baraza la duka la mbegu, akishona pindo la sketi ya shule, mwanamke mmoja muuza mitumba kutoka Meru alipomwambia kwamba kicheko cha marehemu Mwongera kimemwangukia Mashavu, mwenye duka kule Majengo. Mwanamke huyo aliyasema hayo huku akichagua uzi wa kushonea mkoba wake. Alieleza kwamba kicheko chenyewe kilikuwa cha puani, kizito, cha mwanamume, na kwamba kilimtoka Mashavu kila alipodanganywa na mteja. Mwanzoni mume wake aliona haya mbele ya wageni, lakini sasa amekizoea.

Celina hakuacha kukanyaga cherehani. Aliuliza kama kuna wengine. Mwanamke akasema wako, tena si haba, na kwamba mwaka wa marehemu utakapotimia wataitwa Maua kwenye ibada ya kumbukumbu, kila mmoja aonyeshe alichopata. Kisha akachukua uzi wa kahawia, akaenda zake.

Mwongera alikuwa mwimbaji wa roki. Aliimba kwa Kimeru, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha kuokoteza, amevaa koti la ngozi hata jua likiwa kali, na sauti yake ilikuwa kama msumeno unaopasua mti mbichi. Kuanzia miaka michache baada ya uhuru hadi alipofariki, hakukuwa na ukumbi kati ya Maua na Embu ambao hakuutikisa. Alikufa kwa nimonia wakati wa mvua ndefu za mwaka 1988. Alfajiri iliyofuata maziko, tabia zake za nyumbani zilihamia kwa watu. Sauti haikuhama; hiyo ilizikwa naye. Yaliyohama ni yale madogo ambayo hakuna shabiki aliyewahi kuyaona: namna alivyokohoa, alivyolala, alivyokoroga chai. Daktari mmoja wa Maua aliwapima baadhi yao, asione ugonjwa wowote, akawashauri wanywe maji kwa wingi. Mchungaji aliwaambia wazitunze tabia hizo vizuri, kwa kuwa si zao.

Alfajiri iliyofuata siku ile ya soko, Celina naye aliamka mapema. Alikaa kitandani akajaribu kucheka. Alijaribu kukohoa. Alikwenda jikoni akaonja chai, akangoja kuona kama ulimi wake ungetaka kitu usichokijua. Chai ilikuwa chai. Aliendelea kujichunguza hivyo kwa siku kadhaa, akitembea na kujisikiliza, na kila mara alijikuta ni yeye yule yule.

Alikuwa na sababu ya kutazamia. Mwongera alikuwa baba yake. Mama yake, Njura, alikutana na mwimbaji huyo kwenye dansi moja mjini Embu, naye akapanda Kanja mara chache, akambeba mtoto mchanga mara moja, akaahidi kuleta wazee wake waje kuzungumza na wazee wa Njura. Wazee hawakuletwa. Baadaye alifunga ndoa ya kanisani kule Maua. Redio ilipopiga nyimbo zake, Njura hakuizima wala hakuongeza sauti. Aliendelea kupura maharagwe.

Celina alipomwambia mama yake kwamba angekwenda Maua, Njura alifikiri kidogo.

“Ambaye hakugawiwa mtu akiwa hai,” alisema, “atagawiwa nini akishakufa?”

Lakini alimpigia pasi gauni la kanisani, akamfungia viazi vitamu vya kula njiani.

Boma la marehemu lilikuwa nje kidogo ya Maua, chini ya shamba la miraa. Mahema yalikuwa yamesimamishwa, na spika zilitundikwa kwenye mti wa mgrevilea. Kinoti, aliyempigia Mwongera ngoma tangu ujana wao, ndiye aliyeshika kipaza sauti. Alianza kwa kusema kwamba marehemu aliacha mke mmoja, Karwirwa, na watoto watatu, akawaomba wasimame wapungiwe mikono. Watoto wakasimama. Mkubwa alikuwa na masikio yaliyochomoza juu kama vipini vya sufuria. Celina, aliyekaa nyuma katikati ya mashabiki waliovaa fulana zenye picha ya Mwongera, aliteremsha kitambaa chake cha kichwa kikafunika masikio yake mwenyewe.

Kisha warithi wakaitwa. Karwirwa aliketi mbele kwenye kiti chenye mito, kwa sababu ni yeye tu aliyeweza kusema lipi lilikuwa la mumewe na lipi si lake. Alikuwa mwanamke mtulivu, na alionekana mchovu kama mtu aliyepokea wageni mwaka mzima.

Alianza Mwalimu Muthamia. Alitoka mpaka langoni, akarudi hadi mlango wa nyumba, akakohoa kikohozi kifupi cha kuonya waliomo ndani. Mbwa wa boma aliyekuwa amelala chini ya gari akaamka, akamwendea akitikisa mkia.

“Ni hicho,” Karwirwa alisema.

Mashavu alidanganywa kidogo na Kinoti kuhusu umri wake, akacheka. Karwirwa alitikisa kichwa kukubali, na mtoto wake mdogo akainamia magoti. Akaja Kiende, mkulima wa Igembe, aliyeangukiwa na hofu ya kuku. Ilibidi agawe kuku wake wote kwa majirani, na hata sasa hakuweza kupita karibu na banda la boma lile bila kushikwa mkono. Watu walishangilia kwa upole. Wengi hawakujua kwamba mwanamume yule aliyeruka jukwaani kama chui alikuwa akiwakimbia kuku. Kinoti mwenyewe alirithi kufua soksi kila jioni huku akipiga mluzi wa wimbo wa Shule ya Jumapili. Kila mmoja alipomaliza, Karwirwa alisema ni hivyo, alikuwa hivyo, na watu wakaongeza kumbukumbu zao: jinsi alivyokuwa mpole nyumbani, jinsi alivyopenda watoto.

Wa mwisho alikuwa Sulemani, muuza nyama wa Meru, mzee mwenye kofia iliyotarizwa. Aliomba radhi kwanza, akasema hakuwa shabiki wa roki. Marehemu alikuwa akinunua nyama kwake, basi. Akaeleza kwamba tangu maziko, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, miguu yake humtoa buchani baada ya adhuhuri. Hupita kwenye duka la nguo za watoto akanunua soksi nyeupe za kufumwa, za mtoto mchanga, kisha hupanda basi la Embu, akashuka kwenye njia panda ya kwenda Kanja. Hapo husimama akitazama barabara inayopanda mlimani. Hapandi. Jua likielekea kutua hugeuka, akavuka barabara, akarudi Meru na soksi zake. Kabati lake sasa limejaa soksi. Mkewe anaamini ana mwanamke mwingine Embu, naye mzee hamlaumu kwa kuamini hivyo.

Karwirwa alimtazama mzee huyo kwa muda mrefu.

“Hiyo siijui,” alisema.

Kinoti alisogeza kipaza sauti mdomoni. Alieleza kwamba huenda hiyo ilikuwa tabia ya marehemu mwingine aliyekufa siku zile zile, ikapotea njia. Mvua ilikuwa nyingi na mambo kama hayo hutokea. Watu waliona ni maelezo mazuri. Alimshukuru mzee kwa kuja, akamwomba aketi, na mchungaji akaongoza sala ya chakula.

Celina alijua kwamba huo ndio ulikuwa wakati wa kusimama. Alishika ukingo wa kiti. Alifikiria maneno, nayo yalikuwa machache tu na hayakuwa magumu: mimi ndiye mtoto wa soksi. Lakini mbele yake palikuwa na watu wengi wenye picha ya baba yake kifuani, na kila mmoja alikuwa amemjua kuliko yeye. Sala ikaisha. Watu wakainuka kupanga foleni.

Karwirwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akipakua nyama. Celina alipofika mbele yake, mama huyo alimuuliza kwa adabu ametoka wapi.

“Kanja,” Celina alisema.

Upawa ulisimama hewani. Karwirwa alikitazama kitambaa cha kichwa, na jinsi kilivyotutumka pande mbili juu ya masikio. Kisha akachota tena, akamwongezea vipande vizuri kuliko vya wengine.

“Kula, mwanangu,” alisema kwa sauti ya chini. “Lakini watoto wangu hawajui, na leo si siku ya kujua.”

Celina alimwambia asante. Alikula nyama yote, kwa kuwa alikuwa na njaa na ilikuwa imepikwa vizuri, kisha akamtafuta Sulemani. Alimkuta peke yake bombani akinawa. Alimweleza yeye ni nani. Mzee alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye kanzu polepole.

“Afadhali,” alisema. “Nilikuwa nikijiuliza mtoto mwenyewe ana nini, mbona hakui.”

Celina akamuuliza kama huwa anasikia chochote anaposimama pale, neno au wazo lolote. Sulemani alijibu kwa uaminifu. Alisema husikia uzito miguuni, na aibu, na hamu kubwa ya kupanda, na kwamba vitu hivyo vitatu hushindana mpaka jua linapochoka. Maneno hayasikii. Inaelekea maneno hayakugawiwa kwa mtu. Celina alimwomba kwamba siku ikifika wakutane pale, naye angemshika mkono wapande pamoja. Mzee alisema angefurahi, kwa sababu angependa kumwonyesha mkewe kwamba jambo limekwisha.

Jumapili ya mwisho wa mwezi Celina aliteremka mapema. Basi lilisimama, Sulemani akashuka amebeba kifurushi, wakasalimiana. Kisha alisimama mahali pake, kando ya nguzo ya simu, na uso wake ukabadilika kidogo kama wa mtu anayesoma maandishi ya mbali. Celina alimshika mkono wa kulia akamvuta taratibu. Akavuta kwa nguvu. Vijana waliokuwa wakipakia majani chai kwenye lori walikuja kusaidia, wakamsukuma kwa nyuma kwa heshima, wakimwita mzee. Miguu ilikuwa imeshika ardhi kama mizizi ya mti. Mmoja akapendekeza wambebe. Wakambeba, lakini kadiri walivyopanda alizidi kuwa mzito, na hatua chache baada ya njia panda walimweka chini, wakihema, naye akateremka mwenyewe hadi kwenye nguzo.

“Nisamehe, binti,” alisema. “Si mimi.”

“Najua, mzee.”

Njura alikuwa ameteremka pia. Alisimama upande wa juu wa barabara, amevaa leso yake nzuri, akimtazama mwanamume huyo ambaye hakuwahi kumwona. Majirani walikuwa wakimwambia, tangu Celina akiwa mdogo, kwamba wameona gari la bluu la yule mwimbaji limesimama njia panda na mtu ndani yake haendi popote. Celina hakuwahi kuyasikia hayo. Njura aliyasema sasa, bila kuulizwa.

“Nilidhani wananicheka,” alisema. “Nikaacha kuwasalimia.”

Sulemani alimtazama, na mdomo wake ukafunguka ukabaki wazi kwa muda, watu wote wakingoja, hata wenye lori. Halikutoka neno. Alinyoosha mkono akampa Celina kifurushi. Ndani mlikuwa na soksi nyeupe, nazo zingemwenea kwenye vidole viwili vya mkono. Celina aliziangalia akashukuru. Kisha alimuuliza kama angependa chai, na mzee akanywa chai akiwa amesimama, akitazama juu.

Jua lilipokaribia kutua aligeuka, kama alivyosema. Celina hakumshika tena.

Tangu siku hiyo mzee ameendelea kuja kila mwisho wa mwezi, na watu wa njia panda wamemzoea. Wenye duka humtolea kiti, ingawa hakikalii. Kule Maua picha kubwa ya Mwongera imetundikwa ukumbini, na chini yake pameandikwa majina ya mke na watoto watatu. Nyanya yeyote wa Kanja ambaye mjukuu wake amezaliwa kabla ya wakati huzichukua zile soksi, hazikai bure. Shule zinapokaribia kufunguliwa Celina huwa na kazi nyingi, wala hateremki. Hutazama barabara inayoteremka akiwa barazani, kisha huinamia cherehani.

Ila Njura hakosi. Hushuka na chupa ya chai, husimama upande wake wa barabara mpaka saa ya mzee kugeuka ifike, na anapoiona miguu yake ikianza kusogea humwambia, kama mtu yeyote angemwambia mgeni anayeondoka, awasalimie watu wa nyumbani. Sulemani hujibu kwamba salamu zitafika.