Chumvi Iliyoyeyuka

Kila mwanamke wa majaruba ya chumvi huku kwetu Mkange anaujua wimbo huu. Mimi nimeuimba tangu nilipomaliza darasa la saba nikaanza kuvuta reki pamoja na mama:

Ndoo imevuja, kisima ki mbali,
kuni zimelowa, moto haukubali;
chumvi ikiyeyuka haikupotea,
subiri jua, itakurudia.

Niliuona wimbo wa kujifariji tu, kama mtu anavyombembeleza mtoto mwenye njaa na sufuria bado haijainjikwa.

Mwaka huu mama alianguka, akaumia nyonga, nikabaki na jaruba letu peke yangu. Chumvi ile ndiyo tuliyoitegemea kwa bati. Makuti yalishaoza, na mama alilala chini ya tundu linaloonyesha nyota. Nikangoja, nikayaangalia maji ya bahari niliyoyaingiza yakipungua juani, hadi chini pakawa peupe pe. Nikasema kesho navuna.

Alfajiri ikanyesha. Mvua ya kiangazi, haina hodi. Nilipofika, weupe hakuna, maji matupu. Nikachovya kidole, nikaonja: kama ya kisima. Basi, imekwisha. Nikainama kwenye mlango wa maji, nikaanza kuzing'oa mbao zake niyamwage yote, nianze upya na maji ya bahari.

"We Verdiana! Unaimwaga nyumba ya mama yako?"

Alikuwa Bi Zaina, mwenye jaruba la jirani, anakuja mbio kanga kaiuma kwa meno.

"Shikamoo, bibi. Chumvi imekwenda. Nimeonja."

"Marahaba. Umeonja wapi?"

"Hapo juu."

"Juu! Kwani mchuzi kwenu mnaonja povu? Tia mkono mpaka chini."

Nikauzamisha hadi ukagusa tope. Maji ya chini yalikuwa vuguvugu, mazito. Nilipolamba vidole, ulimi ukauma.

Bi Zaina akazirudisha mbao zote isipokuwa ule ubao wa juu. Maji ya mvua yakatoka taratibu, mazito yakabaki. Huku anaimba, wimbo uleule.

"Bibi yangu alikuwa akiuimba nikilia," akasema, "na akiuimba akitoa ubao. Nami nikidhani ananibembeleza tu."

Jua likarudi, likakaa. Nikawa nashinda pale. Mchana mmoja, upepo umetulia, nikaona juu ya maji vipande vyeupe, vidogo kama kucha za mtoto mchanga. Vikaelea. Kimoja kikazama, kingine kikazama, na pale palipokuwa hapana kitu pakaanza kuwa peupe. Sikuthubutu hata kukohoa. Nikasema, Mungu wangu, kumbe ulikuwepo muda wote.

Haikurudi yote. Niliyoyamwaga kabla Bi Zaina hajafika yalikwenda zake. Lakini bati zimetosha upande anaolala mama. Usiku wa mvua ya kwanza alinyoosha mkono juu, akausubiri mdondoko, haukuja. Ndipo akaanza kuimba, nami nikamsikiliza.