Foleni ya Kandambili

Kitu cha kwanza alichokiona Merina kilikuwa nyayo mchangani. Jioni alikuwa ameufagia uwanja wa zahanati, ukabaki na michirizi ya ufagio tu. Asubuhi akakuta nyayo za kandambili, nyepesi, kama zilizotembea bila mtu ndani yake.

Na ndivyo ilivyokuwa.

Pale kijijini, nusu siku kwa boti kutoka Kigoma mjini, mgonjwa huacha kandambili zake kwenye foleni tangu jioni, akarudi kwake pekupeku, na alfajiri akaanika dagaa bila wasiwasi. Hakuna anayegusa kandambili za mwenzake. Nesi ni mmoja, Leonia, na kwa siku anamudu watu ishirini na watano. Wa ishirini na sita huambiwa arudi kesho.

Asubuhi hiyo kandambili zilikuwa zimejipanga upya. Za mtoto wa Recho, aliyekuwa anachemka kwa homa, ziliwekwa za mwisho, na sasa zilikuwa mbele. Za Mzee Filemoni, aliyewahi kuliko wote, zilikuwa mkiani.

"Nimezinunua mwenyewe sokoni Mwanga," alisema Mzee Filemoni, "na bado zinanisaliti."

"Kwani unaumwa nini leo, babu?" Recho akamuuliza.

"Goti. Na usingizi. Na wajukuu."

"Basi zimepima sawasawa."

Watu wakacheka, wakaingia kwa mpangilio huo. Kuanzia siku ile hakuna aliyegombea nafasi. Mwanaima alijifungulia kitandani badala ya uwanjani, kwa kuwa kandambili zake ziliwapita watu kumi na wanane. Nesi Leonia alisema zinamsaidia kazi, ila bado mikono ni yake miwili.

Jambo moja tu Merina hakumwambia mtu. Kandambili zake za bluu, zenye mkanda uliofungwa kwa waya, alikuwa akiziacha kando ya ufagio. Kila alfajiri alizikuta za kwanza kabisa. Alizichukua kabla watu hawajafika, akazivaa, akaendelea kufagia. Alijua kwamba akiingia yeye, wa ishirini na tano atarudi nyumbani. Halafu aliona haya. Siku moja alizifunga kwa kamba ya nyavu kwenye mguu wa benchi. Asubuhi alizikuta mbele, na benchi pia.

Kijiji kilikuwa kimeandika barua tatu kuomba nesi wa pili. Baada ya barua ya tatu, akashuka Bwana Castory, ofisa wa afya, viatu vikiwa vimelowa maji ya ziwa. Akavivua barazani vikauke. Alipokuwa akinywa chai, viatu vikateremka ngazi, vikaenda kusimama nyuma ya kandambili za Mzee Filemoni.

"Karibu mkiani," Mzee Filemoni alimwambia. "Huku wote tuna afya njema."

Bwana Castory akauliza nani anapanga foleni. Akajibiwa kwamba inajipanga yenyewe. Akaandika: inajipanga yenyewe. Kisha akawasomea taarifa. Foleni ina nidhamu, walio hoi wanatangulia, ugomvi hakuna. Kwa hiyo nesi wa pili atapelekwa kijiji kingine, kwenye foleni ya fujo.

"Na wa ishirini na sita je?" Leonia akauliza.

"Leo wako ishirini na watano," alisema Bwana Castory. "Nimehesabu mwenyewe."

Wa ishirini na tano alikuwa Mzee Filemoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupata nafasi baada ya miezi miwili.

Merina alikuwa nyuma ya mlango, kandambili mkononi. Zilikuwa zikifurukuta kama migebuka iliyotoka kuvuliwa. Akaziweka chini. Zikapita mbele ya watu wote, zikasimama kwenye kizingiti cha nesi.

Mzee Filemoni akahesabu foleni kwa kidole, akaokota kandambili zake, akazipiga vumbi.

"Ingia, mjukuu wangu. Goti hili limenizoea, litasubiri."

Bwana Castory hakuona. Jalada alikwisha kulifunga, na alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu.

Leonia akarudishia mlango. "Kaa, mdogo wangu. Unasumbuliwa na nini?"

Merina aliitazama sakafu anayoifagia kila siku.

"Nina uvimbe kwenye titi, dada," alisema. "Tangu mvua za mwaka jana."