Kikohozi cha Masizi

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba katika historia ya shule yetu hajapata kutokea msanii wa kikohozi kama mimi. Umma wenyewe ni bweni moja la wavulana na paka wa jikoni.

Kikohozi nilichokiiga ni cha Masizi, fundi wetu wa jenereta. Bomba la moshi lilikuwa limepasuka, moshi wa dizeli ukimrudia mlemle bandani, nyuma ya darasa letu. Mkuu wa shule alisema litatengenezwa baada ya mitihani. Basi Masizi alikohoa kwa hatua: mkwaruzo, mluzi, kisha kitu kama ndoo inayoburutwa. Nilikitoa gwarideni, nikakitoa kwenye sala. Siku moja akanifuma.

"Mjukuu wangu," akasema, "mluzi wako mfupi. Vuta zaidi."

Nilivuta. Wenzangu walicheka mpaka wakalia.

Jioni moja mvua ilipiga, Masizi akajifungia ndani ya banda mashine isilowe. Mwalimu wa kemia alikuwa akituandikia ubaoni yaliyomo katika moshi wa dizeli: masizi, salfa, na kaboni monoksidi, isiyo na harufu. Mara kikohozi kikapenya ukutani. Mkwaruzo. Mluzi. Ndoo.

Darasa zima likanigeukia. Mwalimu hata hakugeuka.

"Wewe mtoto, leo hunipati. Kohoa mpaka uchoke."

Nikasimama, nikainama kama msanii jukwaani. Wakanipigia makofi. Kikaja tena, kidogo, bila mluzi.

"Kaishiwa pumzi!" mmoja akapiga kelele nyuma. Nikainama tena.

Kisha kimya. Taa ziliwaka vizuri sana.

Zilipozimika kwa kukosa dizeli, ndipo mwalimu alipokwenda kufungua mlango wa banda. Masizi alikuwa amelala upande wa ukuta wetu, amekufa, na ukutani palikuwa na alama nyeusi za viganja.

Mwalimu alirudi darasani, akanimulika usoni kwa tochi.

"Nilikusikia wewe," alisema. "Sema nilikusikia wewe."

Nilifungua mdomo kumkubalia. Tochi ikashuka, ikatua kifuani kwangu, kwenye makombo ya mkate.

"Ulikuwa unakula?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu somo lianze. Mdomo ulijaa. Sikukohoa hata mara moja."

"Kwa hiyo ulijua ni yeye."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Walikuwa wananipigia makofi."