Jumbe za Bandia

Hakuna aliyependa kuitwa mezani kwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale ofisini. Jina alipewa kwa sababu aliwazidi wote umri, na kwa sababu ulimi wake ulikuwa wa yule shangazi anayekuja kukaa wiki moja akawakosoa hata mnavyoshika ufagio. Wahandisi watano waliandika programu, yeye alizikagua, na bila saini yake hakuna kitu kilichotoka nje ya mlango ule.

Alhamisi hiyo aliyeitwa alikuwa Mia kwa Mia, mhandisi mwenye ndevu alizozichonga kwa uangalifu kuliko alivyowahi kuchonga kazi yake. Ukimuuliza kazi imefikia wapi, jibu lake lilikuwa moja: majaribio yamepita mia kwa mia. Aliyasema hayo kifua mbele, kama mtu aliyevuka mto wenye mamba.

"Yamepita, naona," alisema Shangazi bila kuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta. "Hata mimi ningejitungia mtihani nikajisahihishia mwenyewe, saa hizi ningekuwa profesa."

Kazi yenyewe ilikuwa kengele za wodi ya wazazi. Mama akibonyeza kitufe kitandani kwake, programu ya kwanza inapokea, inatuma ujumbe kwa programu ya pili, na hiyo ya pili inawasha namba ya kitanda kwenye meza ya wauguzi. Programu hizo mbili zilikaa ndani ya mashine moja lakini hazikuonana, kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Zilichokuwa nacho ni mfereji mmoja wa kupitishia ujumbe. Jumatatu asubuhi zilitakiwa zianze kazi, na akina mama wa kweli vitandani.

Mia kwa Mia hakuwa amepitisha hata ujumbe mmoja kwenye mfereji ule. Aliijaribu programu ya pili, ile ya mezani kwa wauguzi, kwa jumbe za bandia. Anaunda kitu chenye sura ya ujumbe, kinasema kitanda cha nne kinaita, anaikabidhi programu mkononi, nayo inawasha nne. Mambo mazuri, rangi ya kijani. Majaribio mia mbili na kumi ndani ya sekunde tatu, kisha watu wanapongezana.

"Hizi jumbe zako zimelelewa vizuri mno," alisema Shangazi. "Zinakuja moja moja, zimeoga, zimechana nywele, zinabisha hodi. Wewe umewahi kuiona wodi ya wazazi?"

"Shangazi, dunia nzima wanajaribu kwa jumbe za bandia."

"Dunia nzima wanaanza kwa bandia, halafu wanajaribu kwa kweli. Wewe umeishia kwa bandia ukaenda kunywa chai."

Mkurugenzi alichungulia mlangoni. Alikuwa ameshatuma barua za mwaliko wa uzinduzi na kushonesha suti, kwa hiyo kwake kazi ilikuwa imekwisha. "Shangazi, saini yako kesho kabla ya jioni," alisema, akaondoka kabla hajajibiwa.

Ijumaa asubuhi Shangazi aliibeba mashine hadi hospitali. Muuguzi mkuu wa wodi ile alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja, mwanamke mfupi mwenye miaka ishirini ya kukimbia kati ya vitanda. Waliifunga katika chumba ambacho hakikuwa na wagonjwa. Mdogo mtu akabonyeza kitanda cha tatu, tatu ikawaka. Akabonyeza cha saba, saba ikawaka. Kisha akasimama katikati ya vitanda viwili, akanyoosha mikono huku na huku, akabonyeza vyote kwa pamoja.

Tatu iliwaka. Saba haikuwaka.

"Dada, na huyu wa saba?"

"Hebu bonyeza tena."

"Mtu anayetoka damu hana hiyo 'tena' yako," alisema mdogo wake. "Na huku wakiita, wanaita pamoja. Mmoja akipiga ukelele, mwenzake naye anakumbuka kwamba anaumwa. Hilo hamkulijua?"

Shangazi alirudi ofisini anachemka. Nusu saa ilimtosha kuupata ubovu. Jumbe mbili zikitumwa kwa wakati mmoja hufika zimegandana, na programu ya mezani hulichukua donge zima, ikasoma ujumbe wa mwanzo na kuutupa uliobaki ikidhani ni takataka. Ujumbe wa bandia usingeweza kulifichua hilo hata siku moja, kwa kuwa haujawahi kuja na mwenzake.

Aliwaita wote, akamtolea Mia kwa Mia uvivu mbele ya kadamnasi. Alisema kwamba aliyeunda ujumbe ule wa bandia ni mvivu wa kufikiri. Alisema mtu huyo anaamini duniani yuko peke yake, na kwamba asingemkabidhi hata kengele ya baiskeli. Robo saa nzima hakupumua, na tuseme ukweli, alikuwa anafurahia.

Mia kwa Mia alimwacha amalize. "Shangazi," alisema taratibu, "naomba ufungue kumbukumbu za faili lenye ujumbe huo wa bandia. Uone nani aliliandika."

Akafungua. Faili lilikuwa halijaguswa kwa miaka sita. Mwandishi alikuwa yeye, enzi alipokuwa mhandisi kama wao, na juu kabisa aliacha maneno kwa lugha yake mwenyewe: *Hii ni ya muda tu. Ujumbe halisi utajaribiwa baadaye.*

"Nilipoajiriwa uliniambia nisibuni ujumbe wangu," aliongeza Mia kwa Mia. "Nifuate wako."

Mtu mmoja alikohoa ili kukimeza kicheko. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Shangazi aliona aibu, aibu ya kweli.

Mkurugenzi alimwita chumbani kwake na kufunga mlango. "Haya hayana haja ya kutoka nje," alisema kwa upole. "Saini leo, wiki ijayo tutarekebisha kimyakimya. Ni nani atakayebonyeza sekunde ileile na mwenzake? Lakini ukiandika ripoti, itakwenda hospitali na jina lako, na ukaguzi nitampa mtu mwingine."

Kwa muda wa dakika nzima Shangazi alitaka kukubali. Alijiona kabisa anaichukua kalamu na kusaini. Halafu alirudi mezani kwake akaandika ripoti: ubovu ni huu, unatokea hivi, aliyesababisha usionekane ni fulani. Penye jina hakuweka "timu", wala hakuweka "ilitokea bahati mbaya". Akaituma, pale pa saini akapaacha patupu.

Saa kumi jioni simu yake ililia. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, nimeisoma. Hapa penye jina la aliyekosea wameandika wewe. Wamekuonea?"

"Hawajanionea. Nimeandika mwenyewe."

Nyuma ya sauti ya mdogo wake Shangazi alisikia vyuma vya vitanda na mtoto mchanga analia.

"Miaka yote hii," alisema mdogo wake, "ukija kwangu kula unawasema hao watoto wa watu, wajinga, wavivu, na mimi nacheka mpaka natokwa machozi. Kumbe tulikuwa tunakucheka wewe."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Na kengele Jumatatu hakuna."

"Hakuna. Mpaka itengenezwe."

Huko wodini sauti ya mwanamke iliita, na juu yake ikapanda nyingine. "Wanaita wawili," alisema mdogo wake, "na niko peke yangu." Hakukata simu, aliitupa tu mezani. Shangazi alisikia viatu vyake vikikimbilia upande mmoja, na upande mwingine yule wa pili akiendelea kuita. Alikaa na simu sikioni mpaka aliposikia huyo wa pili amejibiwa. Ilichukua muda mrefu.