Maneno Aliyobaki Nayo Yunia

Kipkurui alimwoa Yunia mwaka wa hamsini na saba, na kwa miaka thelathini na minane hawakuwahi kugombana juu ya dini, kwa sababu dini alimwachia mke. Yeye alikuwa na chai yake, ng'ombe watatu, na shamba la mahindi kule chini mtoni. Yunia alikuwa na Biblia. Jumapili walikwenda kanisani pamoja, na mahubiri yakianza, Kipkurui alihesabu misumari ya paa mpaka usingizi ukamchukua. Njiani kurudi nyumbani Yunia alimwuliza, "Leo umebeba nini?" Naye alijibu, "Nimebeba mfuko wako." Na kweli alikuwa ameubeba.

Yunia alikulia katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, baba yake akiwa mchumaji. Watoto pale walikuwa wa makabila yote, kwa hiyo mwalimu wa Jumapili aliwafundisha kwa Kiswahili, na kwa vile vitabu havikutosha, aliwafundisha kukariri kwa moyo. Tabia hiyo haikumtoka. Hata alipokuwa mke wa mtu na mama wa watoto, kila wiki alichagua mstari mmoja wa Neno akaingia nao shambani, akiurudia polepole huku vidole vikichuma. Akifika mwisho wa mstari wa chai, mstari wa Neno ulikuwa umeshaingia moyoni.

Ni huko huko shambani alikoanguka, asubuhi moja ya Aprili mwaka wa tisini na tano, kikapu mgongoni kikiwa kimejaa nusu. Walipomfikia, mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia ulikuwa mzito kama gogo lililolowa. Alilazwa hospitali wiki tatu. Aliporudishwa nyumbani aliweza kuketi na kumeza, lakini hakuweza kusema. Kikipsigis chake chote, lugha aliyonyonya kwa mama yake, kilikuwa kimekauka. Alifungua mdomo ikatoka sauti isiyo na umbo, akaufunga kwa aibu, akageukia ukuta.

Binti yao Cherotich, aliyeolewa Chepseon, alikuja kila mwisho wa wiki kufua na kupika. Siku nyinginezo Kipkurui alibaki peke yake na mkewe. Alijifunza kukoroga uji usiwe na madonge. Alijifunza kumgeuza kitandani bila kumwumiza. Asilojifunza ni namna ya kukaa katika nyumba iliyo kimya hivyo.

Siku ya nne alikuwa akimlisha uji, Yunia akageuza uso, akasema kwa sauti safi kabisa, kwa Kiswahili:

"Ayala aioneavyo shauku."

Kijiko kilimponyoka Kipkurui. "Umesema nini, Mama Cherotich?"

"Ayala," Yunia alisema. "Ayala aioneavyo shauku."

Cherotich alipopata habari alilia na kumshukuru Mungu. Lakini daktari kijana waliyemwendea alitikisa kichwa. "Mzee, maneno mtu aliyoshika tangu utoto yanaweza kubaki hata mengine yote yakipotea. Ni kitu kizuri. Ila usitegemee kwamba anajua anachosema. Ni kama kaseti. Inacheza tu."

Neno hilo, kaseti, lilimchoma Kipkurui njia nzima. Nyumbani Yunia aliendelea na ayala wake, mara tano, mara kumi, mpaka machozi yakamtoka. Kipkurui alipiga magoti kando ya kitanda akidhani mke anaomba, naye hajui amsaidieje kuomba.

Hapo ndipo Gathoni alipoingia. Gathoni alikuwa na duka la nguo Kapsoit. Alikuja sehemu hii akiwa bibi harusi kutoka Nyeri, mtu wa kabila jingine, naye na Yunia walikuwa marafiki wa miaka ishirini katika chama cha akina mama kanisani. Wakati wa fujo za mwaka wa tisini na mbili, watu walipoanza kuangaliana kwa kabila, Yunia alikuwa akiingia katika duka lile kila siku mchana kweupe, akaketi kwenye stuli karibu na mlango ili kila mpita njia amwone.

Gathoni alisimama kidogo akasikiliza. "Ayala aioneavyo shauku mito ya maji," akamalizia ile Zaburi ya paa. Kisha akamgeukia Kipkurui. "Baba Cherotich! Huyu mtu ana kiu!"

"Nimempa uji sasa hivi."

"Uji si maji. Ni wapi maji?"

Yunia alikunywa vikombe viwili bila kupumua. Alipomaliza alimtazama mumewe, jicho moja likiwa wazi kuliko lingine, na Kipkurui akaona kitu ambacho hakuna kaseti iliyo nacho. Aliona mwanamke aliyechoka kumngoja mtu mzito wa kuelewa.

"Nionyeshe," alimwambia Gathoni. "Hayo maneno yako wapi katika kitabu?"

Kipkurui alikuwa ameacha shule darasa la tatu. Alijua kusoma, lakini alisoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, neno moja, anasimama, neno jingine. Akanunua miwani sokoni. Kila siku akishapeleka majani yake ya chai kituoni kupimwa, alirudi kabla ya mvua ya alasiri, akaketi kando ya kitanda na Biblia ya mkewe, kidole juu ya mstari, mvua ikipiga mabati mpaka alazimike kusoma kwa kupaza sauti. Akikwama, Yunia alimmalizia. Gathoni alipopita alimwonyesha kurasa.

Hivyo wakaanza kuongea tena, mume na mke. Yunia akisema malango yainue vichwa, Kipkurui alifungua dirisha. Akisema juu ya kuinua macho kutazama milima, alimbeba mpaka kiti cha nje, akamfunika blanketi, wakatazama pamoja chai inavyoshuka na kupanda mpaka ukungu uifunike. Siku moja alisema kwamba hata nywele za kichwa zimehesabiwa. Kipkurui alifikiri sana. Alidhani anataka faraja, akamwambia Mungu yupo. Yunia akafumba macho kwa uchungu, akalirudia neno: nywele, nywele. Ndipo mzee akamtazama kichwa. Cherotich hakuwa amekuja kwa wiki mbili, na nywele zile zilikuwa zimesokotana kama manyoya ya kondoo aliyepita michongomani.

Mwanamume wa rika la Kipkurui hachani nywele za mwanamke. Alikwenda mlangoni akachungulia kama kuna mtu barabarani. Kisha akachukua kitana na mafuta, akaketi nyuma ya mkewe, akaanza kutoka ncha kama alivyokuwa akimwona Cherotich akifanya. Ilimchukua alasiri nzima. Yunia alilalia goti lake. Kipkurui hakujua kwamba nywele za mkewe zilikuwa nyeupe kiasi kile.

Lakini ulikuja mstari mmoja uliomshinda. Yunia aliusema mara ya kwanza mwezi wa sita, kwa sauti ya chini: "Asiuone uso wa mfalme." Kipkurui alifungua dirisha. Hapana. Alileta maji, akaleta kitana, akamtoa nje. Hapana. "Asiuone uso wa mfalme," Yunia alisema, na safari hii alipiga kitanda kwa mkono wake mzima.

Gathoni naye alikunja uso. "Huo siujui. Katika chama hatukuusoma. Hakuna mtu hushika mstari kama huo, Baba Cherotich. Hauna faraja."

"Yeye aliushika kwa nini?"

"Muulize yeye. Lakini kama ni mambo ya wafalme, anza Samweli. Ukikosa huko, endelea Wafalme, halafu Mambo ya Nyakati."

"Yote?"

"Yote."

Basi akaanza Samweli. Mwanzoni alisoma kama anayelima shamba la mtu mwingine. Baadaye akanogewa. Alimpenda yule kijana mchunga kondoo, akamchukia mfalme aliyemrushia mkuki. Kijana alipokuwa mfalme naye akaharibu mambo, Kipkurui alivua miwani akamwambia Yunia, "Huyu mtu wenu! Hukuniambia alifanya hivi!" Na Yunia, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Wiki zikapita. Alifika kwa wana wa mfalme, na ugomvi wao, na Absalomu aliyekimbia, kisha akaruhusiwa kurudi mjini lakini si nyumbani kwa baba yake. Kipkurui alisoma, kidole kikitambaa: Absalomu akakaa Yerusalemu miaka miwili kamili, asiuone uso wa mfalme.

Kidole kikasimama. Mkono wa kushoto wa Yunia ulikuja taratibu ukalala juu ya ukurasa. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wake wa zamani uliosimama wima, palikuwa na tarehe: Desemba 1992.

Desemba ile ndiyo mwana wao Benard, mwalimu wa shule ya msingi, alipomleta nyumbani Gesare, binti wa Kisii, akasema huyu ndiye mke wangu. Damu za watu zilikuwa zimechemka vilimani mwaka ule. Kipkurui hakumkaribisha msichana aketi. Alimwambia mwanawe mlangoni, "Toka, na usinionyeshe uso wako tena." Benard alipanga nyumba Kapsoit, mwendo wa saa moja kwa miguu, na tangu siku ile baba na mwana hawakuonana. Yunia hakubishana naye. Kipkurui alidhani amekubali. Kumbe aliingia na mstari ule katika chai, akaushika peke yake.

"Nimesikia," Kipkurui alimwambia mkewe. Lakini hakuinuka. Mtu anaweza kusikia na bado akakaa.

Kesho yake alichukua kitabu peke yake nyuma ya zizi, akasoma mbele ili ajue ilikuwaje. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alisoma vita, na nyumbu, na mti, na mikuki mitatu iliyomwua Absalomu. Alimsoma mfalme mzee aliyepanda chumba cha juu ya lango akiita jina la mwanawe kila hatua, akitamani afe yeye badala yake. Kipkurui alifunga kitabu. Ng'ombe walikuwa wakimtazama. Miaka yote alikuwa na udhuru mzuri, kwamba mambo ya Biblia hayaelewi. Sasa ameelewa, na udhuru umekwisha.

Jumamosi alivaa koti, akamwomba Gathoni aketi na Yunia, akaenda Kapsoit.

Gesare alikuwa nje akifua, mtoto wa kike wa mwaka mmoja akichezea povu. Alipomwona mzee alisimama, akapangusa mikono kwenye nguo yake.

"Mimi ni baba yake Benard."

"Nakujua, baba. Mama alipokuwa hospitali tulikuwa tunakuona kwa dirisha. Tulingoja utoke ndiyo tuingie."

Benard akatokea mlangoni, kalamu nyekundu mkononi, alikuwa akisahihisha madaftari. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa na paji la uso la mama yake.

"Mama yako anakuita," Kipkurui alisema.

"Ameanza kuongea?"

"Anaongea. Mimi ndiye nilichelewa kumwelewa."

Benard aliichezea kalamu. "Sawa. Mama ananiita. Na wewe, Baba?"

Kipkurui alikuwa amejipangia maneno njiani, maneno ya mzazi, yenye heshima yake. Yote yalimpotea, akabaki kama Yunia. Akasema alichokuwa nacho.

"Nilikuambia usinionyeshe uso wako. Leo nimekuja kuutazama."

Benard aliinamisha kichwa, na baba yake akaweka kiganja juu yake kama mtu anayepima joto la mgonjwa, akakiacha pale. Kisha akamgeukia Gesare. "Na wewe, mama, siku ile sikukupa kiti. Ilikuwa makosa yangu, si yako." Gesare alitazama chini, akasema, "Nimesikia, baba." Hakumwambia yamekwisha. Lakini aliingia ndani akamvalisha mtoto sweta.

Walifika nyumbani mvua ikianza. Gathoni aliwafungulia mlango akaenda zake haraka, kitambaa machoni. Yunia alikuwa ameketi kitini, nywele zimechanwa. Alimwona Benard. Hakusema mstari wowote. Alimshika sikio kwa mkono wa kushoto, kama alivyokuwa akimshika utotoni akichelewa kurudi na ng'ombe, akamvuta mpaka kichwa chake kikawa kifuani. Mtoto aliwekwa pajani, akaanza kuchezea kidole kimoja cha ule mkono usiosikia.

Ndipo Yunia akainua macho, akawatazama wote mmoja mmoja, akamtazama mumewe kwa ukali.

"Wapeni ninyi vyakula," akasema.

Benard aligeuka. "Anasema nini? Niilete Biblia?"

"Haina haja," Kipkurui alisema, na tayari alikuwa anavua koti. "Anauliza ni nyumba gani hii wageni wanakaa hata chai hawajapewa."

Gesare alicheka, mkono mdomoni, akainuka. "Wacha mimi, baba. Jikoni ni wapi?"

"Kaa," mzee alimwambia, akamsogezea kiti kwa mikono yake miwili. "Ni mimi nimeambiwa."

Akaingia jikoni, akainama mbele ya mafiga, akapuliza moto.